Wadada wa kazini Japan wamenipa chokoleti za Valentine: narudishaje, na mama Tanga nimpelekee ipi?

"Assalaam aleikum mtaalamu. Mimi kijana wa Tanga, nafanya kazi kiwanda cha vipuri vya magari karibu na Nagoya, huu ndo mwaka wangu wa kwanza Japan. Mwaka huu Februari 14 ilikuwa Jumamosi kwaiyo Ijumaa yake wadada wa kazini wakaja na chokoleti. Kwanza kuna mfuko mmoja wametoa kwa pamoja kwa wanaume wote wa laini yetu, pili dada mmoja kaniachia Black Thunder mezani, tatu mwingine kanipa kiboksi cha chokoleti alizotengeneza mwenyewe, laini zina unga wa kakao, na kikadi kimeandikwa itsumo arigatou gozaimasu. Je huyu ananipenda? Jamaa mmoja kaniambia Machi 14 lazima nirudishe mara tatu ya bei, na nikirudisha mashimelo (zile peremende laini za marshmallow) namaanisha simtaki mtu. Alafu zile za mfuko niliziacha dirishani karibu na hita zimetoka weupe kama ukungu, nitupe? Na moja niliyokula ilikuwa na harufu kama ya pombe, nina wasiwasi sana maana mimi muislamu. Mwisho, wiki ya Idd nakuja nyumbani, nilitaka kumletea mama zile nama za Royce', yaani chokoleti laini za krimu, ila mama ana kisukari. Nisaidie nimechanganyikiwa."

Waalaikum salaam ndugu yangu, na Ramadhani karim. Pole kwa kuchanganyikiwa, ila nikwambie tu wewe sio wa kwanza, kila mgeni anayeanza kazi Japan hiyo Februari ya kwanza inamkuta hivohivo. Ukiondoa mbwembwe zote naona una hofu tatu: usije ukamkosea mtu kazini, usije ukawa umekula haramu, na usije ukampelekea mama kitu cha kumdhuru. Mimi kazi yangu ni kutengeneza chokoleti, kwaiyo mambo ya joto na mafuta na lebo ntakujibu kwa uhakika, ya mapenzi ntakwambia ninavyoona watu wanavyofanya, na ya fatwa sitagusa.

Kwanza tuondoe hili wazo kwamba hii ni mila ya kale ya Wajapani na ukikosea kidogo umevunja heshima ya mababu. Hamna. Hii ni biashara ya watu wa peremende, tena sio ya zamani kivile. Kampuni ya Morozoff ya Kobe ilitangaza chokoleti za Valentine kwenye gazeti la Kiingereza mwaka 1936, watu hawakushtuka sana. Mwaka 1958 kampuni ya Mary Chocolate ikajaribu kuuza pale duka kubwa la Isetan, Shinjuku, na kila anayesimulia anasema mauzo yalikuwa aibu tupu. Ni kuanzia miaka ya 1970 ndo ikashika moto, na ikashika kwa namna ya kwao, yaani mwanamke ndo anatoa, mwanaume anapokea. Sasa wanawake wakaanza kulalamika mbona sisi tunatoa tu haturudishiwi kitu, na duka la Ishimura Manseido la Fukuoka likaona mwanya, mwaka 1978 likaanzisha siku ya mashimelo Machi 14, mashimelo lenye chokoleti ndani. Chama cha watengeneza peremende kikaidaka hiyo tarehe, kuanzia 1980 ikatangazwa nchi nzima kwa jina la White Day. Kwaiyo huyo jamaa yako anayesema mashimelo ni tusi, mwambie siku yenyewe ilianza na mashimelo.

Sasa aina za kutoa. Kuna giri-choko, hii ya wajibu na shukrani, inaenda kwa bosi, kwa wenzako wa kazi, kwa mwalimu. Kuna honmei-choko, hii ndo ya mapenzi yenyewe, inaenda kwa mtu mmoja. Kuna tomo-choko wasichana wanapeana wao kwa wao, na siku hizi kuna ya kujinunulia mwenyewe, na ukitaka kujua ina nguvu kiasi gani nenda JR Nagoya Takashimaya Januari mwakani pale kwenye maonyesho yao ya Amour du Chocolat uone foleni ya kina dada wanajinunulia boksi za maelfu ya yeni na hawana mpango wa kumpa mwanaume yeyote duniani. Ukweli ni kwamba giri-choko yenyewe inachokwa. Februari 2018 kampuni ya chokoleti ya Godiva walilipia ukurasa mzima wa gazeti la Nikkei kuwaambia Wajapani waache kupeana chokoleti za wajibu, na kampuni nyingi siku hizi zimepiga marufuku kimyakimya au watu wanachanga wananunua mfuko mmoja kama huo mliopewa.

Kwa hiyo mfuko wa pamoja ni giri, hauna mjadala.

Black Thunder hiyo ndo imenichekesha. Ni chokoleti ya biskuti ya kakao iliyopondwapondwa, ipo tangu 1994, inatengenezwa na kampuni ya Yuraku ambao kiwanda chao kipo Toyohashi, hukohuko mkoa wako wa Aichi, na bei yake ni ya sarafu chache tu kwenye konbini yoyote, yale maduka madogo ya saa 24. Hawa jamaa waliwahi kuitangaza kwa maneno kwamba ni chokoleti ambayo mtu akiiona tu anajua ni ya wajibu! Yaani dada aliyekuachia ile mezani kakuambia kwa lugha ya wazi kabisa: tupo pamoja kazini, usiwaze mengine. Ni utani wa heshima na ni mzuri, mjibu kwa wepesi huohuo.

Kiboksi cha mkono ndo kina uzito kidogo, lakini usikimbilie. Watu wanadhani ya kutengenezwa nyumbani lazima ni mapenzi. Sio. Wasichana wengi Japan wakiingia jikoni Februari wanatengeneza trei nzima, wanakata vipande, wanagawa kwa marafiki, kwa wenzao wa kazi, kwa kaka zao. Alama ninazoangalia mimi ni hizi: je kakupa mbele za watu au kakuvizia peke yako, je kuna wengine wamepata kiboksi kama chako, na kadi inasema nini. Yako inasema asante kwa kila siku, maneno ambayo mtu anamwandikia hata fundi wa lifti. Ukijumlisha, mimi naona ni shukrani ya mtu mkarimu, labda ulimsaidia mashine au unamsalimia vizuri asubuhi. Inawezekana pia anakupenda na anaona haya, siwezi kukuapia, lakini usijenge nyumba juu ya kadi ya arigatou. Kama wewe ndo unampenda, basi usitafute jibu kwenye unga wa kakao, mwalike chakula baada ya Ramadhani kama binadamu wa kawaida, na akisema yuko bize usirudie rudie kumuuliza, hapo ni kazini.

Kurudisha. Hili wewe mtu wa Tanga wala halikupi shida kulielewa: jirani akikuletea sahani ya futari hairudi tupu, lakini pia hairudi na ng'ombe mzima. Hiyo habari ya mara tatu ipo kweli kama msemo, ina jina lake kabisa, ila kwa giri ya kazini ukirudisha mara tatu unamtia mwenzako deni jipya na unamfanya ajiulize una nia gani. Bei inayolingana au zaidi kidogo inatosha. Kwa mfuko wa pamoja, nunua boksi moja la biskuti ambazo kila moja imefungwa kwenye kikaratasi chake, hiyo ya kufungwa moja moja ni muhimu kuliko chapa, weka sehemu ya kupumzikia na kijikaratasi chenye jina lako, au bora zaidi changeni wanaume wote wa laini kwa sababu kuna uwezekano wenzako tayari wanapanga na hawajakwambia tu. Aliyekupa Black Thunder mpe kitu kidogo cha utani wa kiwango hicho. Aliyetengeneza kiboksi mpe kitu kizuri kidogo zaidi, kopo dogo la biskuti au majani ya chai mazuri, na kadi fupi kwamba zilikuwa tamu. Machi 14 nayo mwaka huu ni Jumamosi kwaiyo wewe peleka Ijumaa tarehe 13, na kwamba umefunga haizuii kitu, wao watakula wewe utafuturu na lako jioni.

Na zile maana za mitandaoni, mashimelo simtaki, biskuti rafiki, peremende nakupenda, macaron (biskuti laini za lozi, sio tambi) wewe ni wa pekee, zimeenea kweli na wapo wanaozifuata hasa vijana, kwaiyo biskuti ndo salama kuliko zote kwa pande zote. Mashimelo wewe yaache, lakini kwa sababu nyingine kabisa ambayo ndo inatuleta kwenye hofu yako ya pili.

Mashimelo yanashikiliwa na jelatini, na jelatini nyingi ya Japan inatokana na nguruwe. Wewe geuza pakiti, tafuta ゼラチン, na ukiona mbele au nyuma yake kuna herufi 豚 hiyo ni nguruwe imeandikwa waziwazi. Wakati mwingine inatajwa tu kwenye mstari wa aleji mwishoni kwaiyo soma mpaka chini. Kwenye chokoleti ya kawaida ngumu ya vibao jelatini ni nadra. Kinachosumbua zaidi kwenye chokoleti na biskuti ni ショートニング, mafuta ya kuokea, ambayo yanaweza kuwa ya mimea au ya mnyama na lebo haisemi, na 乳化剤, emulsifaya, yaani kitu cha kuunganisha mafuta na vingine, ambayo kwenye chokoleti mara nyingi ni lesithini ya soya na mara nyingi wanaandika 大豆 pembeni. Hapo ndo unapoweza kuwaandikia kampuni na wengi wanajibu.

Pombe sasa. Herufi unazotafuta ni 洋酒, maana yake vinywaji vikali vya kizungu, ramu, konyaki, brandi na jamii hiyo, na アルコール. Pua yako haikukudanganya, chokoleti za msimu wa baridi Japan zinapenda sana ramu na brandi. Lotte wana Rummy yenye zabibu za ramu na Bacchus yenye konyaki ndani, zote zinauzwa majira ya baridi tu, na pakiti yenyewe inaonya watoto, wajawazito na anayeendesha gari. Watu wanasema aah pombe imeshayeyuka kwenye moto. Kwenye keki labda sehemu yake, kwenye chokoleti hapana. Tunavyotengeneza ni kwamba krimu inapashwa, inamwagwa kwenye chokoleti, inachanganywa mpaka iwe laini, na kinywaji kinaingia mwishoni ikiwa imepoa makusudi ili harufu isipotee. Kwaiyo kama iliingia, ipo. Na hili sio la dini tu, kama unaenda kazini kwa gari, Japan hawana mchezo na dereva mwenye pombe mdomoni.

Ile uliyokula bila kujua, mimi sio shekhe, nikikuamulia ntakuwa naingilia fani ya watu. Muulize imamu pale msikiti wa Nagoya, Honjin, sidhani kama wewe ndo utakuwa wa kwanza kumletea swali hilo mwezi huu. Na kwa zile za mkono muulize tu mwenyewe kwa upole, osake haitte imasu ka, yaani zina pombe? Mwambie ni sababu ya dini. Hatakasirika, Wajapani wengi wakijua mapema mwakani wanakutengenezea tofauti na wanajisikia vizuri kabisa.

Tuje kwenye weupe, hapa ndo nyumbani kwangu vumilia nieleze kidogo. Mafuta ya kakao yakiganda yanajipanga kwenye fuwele za maumbo sita tofauti. Ya tano tu ndo tunaitaka, ndo inayong'aa, inavunjika ta! na inayeyuka kwenye nyuzi 33 au 34 hivi, chini kidogo ya joto la mdomo wako, ndo maana ukiweka ulimini inalainika yenyewe. Kiwandani tunahangaika kupandisha na kushusha joto ili mafuta yote yakubali kujipanga kwa umbo hilo. Wewe ukaja ukaweka dirishani karibu na hita, mchana ikalainika nusu, usiku hita imezimwa baridi ya Februari ikaingia, mafuta yakaganda upya bila mpangilio na mengine yakapanda juu yakakaa kama unga mweupe. Huo sio ukungu. Chokoleti ngumu ya vibao ina maji kidogo mno, ukungu hauna pa kuishi. Jaribu kuweka kidole juu yake kwa sekunde kadhaa, weupe ukiyeyuka na kupotea ni mafuta. Ukibaki na unasikia mikwaruzo kama mchanga ni sukari, hiyo inatokea pale chokoleti ya baridi inapotolewa friji ikafunguliwa hapohapo, unyevu wa hewa unatua juu, unayeyusha sukari, ukikauka sukari inabaki nje. Zote mbili zinaliwa. Utamu umepungua, inakuwa kavukavu mdomoni, na dawa yake nzuri ni kuyeyusha kwenye maziwa ya moto ukanywa wakati wa daku.

Lakini usichanganye na kile kiboksi! Zile laini zenye unga wa kakao zina krimu ya maziwa ndani, yaani zina maji, na kwenye maji bakteria na ukungu wa kweli wanaishi. Zilizotengenezwa nyumbani zikae friji na uzimalize ndani ya siku mbili tatu. Tangu upewe siku nyingi zimepita, kama bado zipo nisamehe lakini zitupe hata kama hazina alama yoyote, na usimwambie aliyekupa.

Nama za Royce' ni jamaa yake, ila za kiwandani. Kwa kanuni za Japan ili chokoleti iitwe nama lazima iwe na krimu angalau asilimia 10 na maji angalau asilimia 10, ndo maana ukichoma kijiti inanyanyuka kama siagi iliyolala. Wanakuandikia 要冷蔵, lazima friji, chini ya nyuzi 10, na muda wake ni kama mwezi mmoja tangu itengenezwe. Na baadhi ya ladha zina pombe, kwaiyo soma. Sasa piga picha safari yako: Nagoya mpaka unapopandia ndege kubwa, kisha Doha au Dubai, kisha Dar, kisha basi la Chalinze, Segera, Muheza mpaka Tanga mwezi wa tatu na lile joto. Vipakiti vya barafu wanavyokuwekea uwanja wa ndege vinashikilia saa chache tu, na kwenye ukaguzi wa kuunganisha ndege jeli ile inahesabika kama majimaji wanaweza kuichukua. Mtu wa Dar anayepokewa na gari uwanjani na friji ipo dakika 40 mbele labda ningemwambia ajaribu. Wewe wa Tanga hapana. Kula nama ukiwa Japan, ni tamu kweli na hakuna haja ya kuitesa.

Hata chokoleti ngumu ya vibao, pakiti nyingi za Japan zinasema iwekwe chini ya nyuzi 28, ambayo Tanga mwezi huo ni kiyoyozi. Wajapani wenyewe wanaijua shida hii, Meltykiss ya Meiji inaonekana madukani wakati wa baridi tu kisha inapotea. Kama lazima mfuko uwe na chokoleti, chukua zile ambazo chokoleti imefungiwa ndani ya biskuti, kama Koala's March ya Lotte. Ikiyeyuka imeyeyukia ndani, ikipoa imeganda ndani, watoto wa dada yako watafurahia vile vipicha vya koala na hakuna shati litakalochafuka. Pocky (vijiti vya biskuti vilivyopakwa chokoleti) na Black Thunder zitafika zimegandana kitu kimoja. Weka katikati ya nguo kwenye begi kubwa, sio lile la mkononi linalopigwa jua. Mkifika kama zimelainika zipumzike zimefungwa kwanza, na zikitoka friji msifungue mpaka zifikie joto la chumba, unyevu wa pwani ni mbaya kuliko wa Nagoya.

Ukiniuliza zawadi ninayoipenda kwa mtu wa pwani anayetoka Aichi, ni Yukari, zile senbei, yaani biskuti nyembamba kavu, za kamba wa baharini za Bankaku. Ni za mkoani kwako, zinakaa muda mrefu bila friji, hazina cha kuyeyuka, na mtu aliyezaliwa Tanga ukimpa kitu chenye harufu ya kamba kakauka vizuri hahitaji kuelezwa. Lebo soma kama kawaida.

Kuhusu mama. Watu watakwambia chukua ile nyeusi kabisa, haina sukari, ni dawa ya kisukari. Sio dawa. Lakini hesabu zake ni nzuri kuliko nyingine. Meiji wana Chocolate Kouka ya asilimia 72, 86 na 95. Asilimia 72 maana yake hiyo ni kakao na 28 iliyobaki kwa sehemu kubwa ni sukari, na kipande kimoja ni gramu 5, kwaiyo unazungumzia kama gramu moja na nusu ya sukari kwa kipande. Chokoleti ya maziwa ya kawaida karibu nusu ya uzito wake ni sukari. Kipande kimoja au viwili baada ya chakula kwa wengi ambao sukari yao imetulia sio janga, shida ni pale boksi linapokaa mezani siku ya Idd pamoja na tambi na kaimati na kila mgeni anasema mama onja na hiki. Asilimia 95 ni chungu kweli, nina hakika atakuuliza kama hiyo nayo ni zawadi. Zipo pia zisizo na sukari kama ZERO ya Lotte, zinatiwa utamu wa maltitoli, ambayo inapandisha sukari ya damu kidogo kuliko sukari ya kawaida lakini inapandisha, na ukila nyingi tumbo linakwenda mbio. Na zile senbei nazo ni wanga usije ukadhani hazihesabiki.

Ila hapa kabla hujanunua chochote mpigie mama, au mtu anayempeleka kliniki, muulize vipimo vya karibuni vikoje na anatumia dawa gani, na yeye mwenyewe amuulize daktari au mtu wa lishe pale anapohudhuria. Mimi simuoni mama wala kadi yake. Figo, presha, kidonda cha mguu, vyote vinabadilisha jibu. Jambo moja tu naomba lifike kwa wote nyumbani: kama anatumia insulini au vidonge kama glibenclamide na sukari ikamshuka, akaanza kutetemeka na kutoka jasho, chokoleti sio ya kumpa. Mafuta yake yanachelewesha sukari kuingia kwenye damu. Mpeni soda yenye sukari au juisi au glukosi, na kama haamki vizuri msimpe kitu mdomoni, hospitali moja kwa moja.

Kwa upande wako Nagoya, mambo ya kazini yakikupa ukakasi, mfano huyo dada akaanza kukwambia mambo usiyoyaelewa au wewe ukahisi umemkwaza, tafuta senpai mmoja, yaani aliyekutangulia kazini, unayemwamini umuulize uso kwa uso, na kama lugha inagoma Nagoya International Center wana watu wa kusikiliza wageni. Na kabla hujaweka lile boksi la biskuti mezani uliza kama kuna mwenye aleji. Lebo za Japan zinalazimika kutaja maziwa, mayai, ngano, soba (nafaka ya buckwheat), karanga, kamba, kaa na siku hizi jozi za walnati, kwaiyo hata usipoelewa kitu, mwenzako ataisoma mwenyewe, wewe usilitupe tu lile boksi la nje. Mtu akila akaanza kuvimba midomo au kupumua kwa shida ni 119, hapohapo, msisubiri bosi arudi.